Mapipa ya Magurudumu na Gari la Mkono: Mwongozo Kamili wa Kubadili Ukusanyaji wa Taka za Majumbani Katika Manispaa

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mji wa Scottsdale katika jimbo la Arizona, Marekani, ulijaribu jambo ambalo wengi waliliona kama mzaha: gari la taka lenye mkono wa chuma ubavuni, ambao hukamata pipa lililo kando ya njia, hulimimina juu ya gari na kulirudisha chini bila mtu yeyote kushuka. Gari la kwanza, lililoingia kazini mwaka 1969, likapewa jina la utani Godzilla. Leo mtindo huo ni jambo la kawaida katika vitongoji vingi vya Marekani na Kanada, na manispaa ambazo bado zina utingo wanaoning'inia nyuma ya gari la kushindilia taka huulizwa kila msimu wa bajeti ni lini zitahama.

Mwongozo huu unamfuata ofisa wa manispaa ya ukubwa wa kati ya huko, tuseme yenye kaya 12,000, tangu wazo linapofika mezani hadi mizunguko ya magari inapotulia. Hatua zote zinatokana na jambo moja, nalo ni kwamba mkono wa gari hauna maarifa ya mtu. Utingo huweza kulitoa pipa nyuma ya gari lililoegeshwa, kuliinua lililoanguka, au kuokota mfuko uliowekwa pembeni. Mkono hufika mita mbili au tatu hivi, hukamata kile kilicho mbele yake, na kama pipa halipo mahali pake, nyumba hiyo haijahudumiwa. Kwa hiyo kila uamuzi unaofuata, hata ule wa fedha, ni uamuzi kuhusu mahali pipa litakaposimama.

Sababu za kubadili

Sababu ya kwanza ni usalama. Tarehe 1 Februari 1968, mjini Memphis, wazoaji taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, waliokuwa wamejikinga mvua ndani ya gari lao, waliuawa na mtambo wa kushindilia. Vifo hivyo vilichochea mgomo wa wazoaji taka wapatao 1,300, na ni mgomo huo uliompeleka Martin Luther King mjini humo, alikouawa tarehe 4 Aprili. Magari yameboreshwa sana tangu wakati huo, lakini uzoaji wa taka bado hutajwa mara kwa mara miongoni mwa kazi zinazoua watu wengi zaidi Marekani kwa kulinganisha na idadi ya wafanyakazi, na vingi vya vifo hivyo hutokana na ajali za magari, zikiwemo za wafanyakazi kugongwa. Dereva aliyekaa ndani ya kabini hagongwi akivuka barabara, wala haumizi mgongo kwa kunyanyua.

Sababu ya pili ni gharama ya nguvukazi, kwa kuwa gari moja huhitaji mtu mmoja badala ya wawili au watatu. Sababu hii ni ya kweli, ila ofisa asiitangulize mbele ya wafanyakazi wake, kwa mambo yatakayoelezwa hapo chini.

Hatua ya kwanza: kupima mitaa kabla ya kuulizia magari

Kosa linalogharimu zaidi ni kuanza na orodha ya bei za magari. Kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote, manispaa itume watu wawili wapite kila mtaa siku ya taka, alfajiri, wakati magari ya wakazi bado yameegeshwa. Ramani ya kompyuta haitoshi, kwa sababu mtaa unaoonekana mpana saa sita mchana huweza kuwa umefungwa pande zote mbili saa moja asubuhi.

Katika daftari lao waandike upana wa barabara, urefu wa foleni ya magari yaliyoegeshwa, nyaya na matawi yaliyoning'inia, mitelemko, madaraja yenye kikomo cha uzito, barabara zisizo na upenyo pamoja na ukubwa wa nafasi ya kugeuzia, na nyumba ambazo taka zake huzolewa kupitia kichochoro cha nyuma. Nyaya na matawi hupuuzwa mara nyingi. Mkono unapoinuka na pipa hupita kimo cha gari lenyewe, hivyo tawi ambalo gari la zamani lilipita chini yake bila kuligusa litavunjwa na pipa, au litavunja mfuniko.

Baada ya hapo mitaa igawanywe katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni mitaa inayofaa kama ilivyo. La pili ni mitaa itakayofaa kwa sharti, kwa mfano kupiga marufuku maegesho upande mmoja siku ya taka kati ya saa moja asubuhi na saa nane mchana, au kuwataka wakazi wa pande zote mbili wapange mapipa yao upande mmoja. La tatu ni mitaa isiyofaa kabisa, na hakuna aibu kuwa nayo. Mitaa hiyo ihudumiwe na gari linalopakiwa nyuma, lililofungwa kinyanyuo: mfanyakazi huliviringisha pipa hadi kwenye gari, na kinyanyuo hulimimina. Pipa ni lilelile, mkazi haoni tofauti, na manispaa haijilazimishi kuingiza gari kubwa mahali lisipoenea. New York ni mfano mzuri wa jinsi maegesho yanavyoamua kila kitu. Tangu tarehe 12 Novemba 2024 majengo yenye makazi 1 hadi 9 yanatakiwa kuweka taka katika mapipa yenye mifuniko badala ya mifuko peke yake, ila mapipa hayo bado huzolewa na magari ya kupakiwa nyuma. Magari ya mkono wa ubavuni yalianza Harlem Magharibi mwaka 2025 kwa ajili ya makontena makubwa ya majengo ya ghorofa, ambayo yaliwekwa barabarani palepale magari yalipokuwa yakiegeshwa.

Jambo jingine la kuandikwa katika hatua hii ni watu. Kila mtaa una wazee, walemavu na wagonjwa wasioweza kulisukuma pipa hadi barabarani. Orodha yao itengenezwe mapema, kwa kuwa huduma ya kulifuata pipa mlangoni itamlazimu dereva kushuka, na muda huo lazima uingie katika hesabu.

Hatua ya pili: hesabu ya mizunguko

Tuchukue kaya zetu 12,000, taka zikizolewa mara moja kwa wiki, kwa siku nne za kazi zenye saa kumi kila moja. Hizo ni kaya 3,000 kwa siku. Dereva mzoefu katika mitaa iliyo wazi huhudumia kaya 800 hadi 1,200 kwa siku. Mimi ningepanga kwa 850, na kuiachia ile 1,200 vipeperushi vya wauzaji. Kwa kaya 850, ikiwa kila pipa litachukua sekunde 24 pamoja na kusogea hadi lingine, kazi ya mtaani ni saa tano na dakika arobaini. Ikiwa kila kaya inatoa wastani wa kilo 14, gari litakusanya karibu tani 12, wakati uwezo wake ni tani 8 hadi 10 hivi, kwa hiyo litakwenda dampo au kituo cha kuhamishia taka mara mbili. Safari mbili za dakika hamsini kila moja huongeza saa moja na dakika arobaini. Ukaguzi wa asubuhi, mafuta, mapumziko na kuosha gari vichukue saa moja na nusu, na hapo inabaki saa moja na dakika kumi kwa nyumba zilizorukwa, kufungwa kwa barabara na bahati mbaya nyingine. Hiyo ndiyo nafasi ya kupumulia, na anayeipunguza ili kuokoa gari moja atailipa kwa malalamiko.

Kwa hesabu hiyo, taka za kawaida zinahitaji magari manne. Taka za kurejelezwa, yaani zile zinazoweza kutengenezwa upya, zikizolewa kila baada ya wiki mbili, ni kaya 1,500 kwa siku, yaani magari mawili. Ongeza magari mawili ya akiba. Akiba si anasa, kwa sababu gari la mkono lina mipira ya haidroliki, vihisi na nyaya ambavyo gari la zamani halikuwa navyo, na mpira mmoja ukipasuka, nyumba 850 hazina huduma siku hiyo.

Mizunguko yenyewe ichorwe upya kabisa, isirekebishwe tu ile ya zamani. Utingo wawili walizoa pande zote mbili za barabara kwa pamoja. Mkono uko upande mmoja tu, hivyo kila barabara hupitwa mara mbili, kwenda na kurudi, na umbali wa siku huongezeka. Kwa sababu magari ya Marekani hupita kulia mwa barabara, mkono huwa ubavu wa kulia, na magari mengi ya aina hii yana usukani wa pili upande huohuo ili dereva aone pipa lilipo. Msomaji aliyezoea kuendesha Mombasa au Dodoma ataona kama gari limerudi nyumbani.

Hatua ya tatu: kuchagua pipa

Ukubwa unaouzwa zaidi ni galoni 35, 65 na 95, yaani takribani lita 130, 240 na 360. Manispaa nyingi hupenda kumpa kila mtu pipa la lita 360 ili kupunguza malalamiko ya wiki ya kwanza. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa kuahirisha matatizo: pipa kubwa hujazwa, na mwanya wa kumshawishi mkazi atenganishe taka zake hupotea. Ni afadhali lita 240 kwa taka za kawaida na lita 360 kwa zinazorejelezwa, kisha anayetaka kubwa aombe na alipie. Seattle ilianza kutoza ada kwa kufuata ukubwa wa pipa tangu mwaka 1981, na Toronto ilipoleta mapipa yake mwaka 2008 iliwapa wakazi nafasi ya kuchagua kati ya saizi kadhaa, kila moja ikiwa na ada yake. Mwenye pipa dogo hulipa kidogo, na anaelewa kwa nini.

Zabuni ya mapipa itaje viwango vya ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani: Z245.30, vinavyohusu usalama, na Z245.60, vinavyohusu kuoana kwa pipa na kinyanyuo. Uwezo wa kubeba mzigo uandikwe kwa tarakimu: kanuni inayotumika ni pauni 3.5 kwa kila galoni, hivyo pipa la galoni 95 linapaswa kustahimili takribani kilo 150. Dhamana ya miaka kumi ni ya kawaida, na isomwe kwa makini ili kujua kama inahusu magurudumu, mhimili na mfuniko, ambavyo ndivyo huharibika kwanza, au inahusu ndoo ya plastiki peke yake.

Kila pipa liwe na namba yake iliyochapwa, na ikiwezekana chipu inayosomwa na gari, kwa sababu bila namba hakuna namna ya kumaliza ugomvi wa majirani wawili wanaodai pipa moja. Rangi zisiachwe kwa ladha ya diwani. Kanuni za California zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinaelekeza kijivu au cheusi kwa taka za kawaida, buluu kwa zinazorejelezwa na kijani kwa taka za chakula na bustani. Hata manispaa isiyobanwa na sheria hiyo hufaidika kuifuata, kwa kuwa watu huhama na rangi walizozizoea.

Bei ya pipa moja imekuwa takribani dola 50 hadi 70. Kwa kaya 12,000 zenye mapipa mawili kila moja, pamoja na akiba ya asilimia tano, mapipa 25,200 kwa dola 60 ni zaidi ya dola milioni 1.5. Magari, ambayo bei yake imekuwa ikipita dola 300,000 kila moja, yanaongeza zaidi ya dola milioni 2.4 kwa magari manane. Agizo la gari huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, wakati mapipa hufika kwa miezi michache, kwa hiyo gari liagizwe kwanza. Manispaa iliyoyapokea mapipa mapema itakodi uwanja wa kuyatunza.

Hatua ya nne: wafanyakazi

Habari ya mabadiliko iwafikie wafanyakazi kutoka kwa mkuu wao, kabla haijasomwa gazetini, na chama chao kiwe mezani tangu hatua ya kupima mitaa. Njia yenye heshima ni kupunguza idadi kwa kutojaza nafasi za wanaostaafu au kuacha kazi kwa hiari, na kuwahamishia waliobaki kwenye kazi ambazo mabadiliko yenyewe yanazaa: kutengeneza mapipa, kuzoa taka kubwa kama magodoro na makochi, kukagua mapipa ya urejelezaji, na kuendesha. Utingo wengi wanaijua mitaa kuliko dereva yeyote mgeni. Manispaa ikiwalipia mafunzo ya leseni ya magari makubwa, itapata madereva wanaojua kona ipi ina mbwa na nyumba ipi huchelewa.

Mazoezi ya mkono yaanzie uwanjani, kwa mapipa matupu na kisha yaliyojazwa, kwa wiki mbili angalau. Dereva mpya hukosea kwa haraka: huinua kabla ya kukaza, au hubana kupita kiasi hadi pipa linapinda.

Hatua ya tano: kanuni za mkazi

Kanuni ziandikwe katika sheria ndogo ya manispaa kabla ya pipa la kwanza kugawiwa, na ziwe chache kiasi cha kuenea kwenye stika ya mfuniko. Pipa litolewe kabla ya saa moja asubuhi, magurudumu yakielekea nyumbani na mfuniko ukifungukia barabarani. Liwe mbali mita moja na pipa jingine, sanduku la barua, nguzo au gari. Mfuniko ufungike. Lirudishwe ndani katika saa 24. Majivu ya moto, rangi, vifusi na betri visiwekwe. Betri za lithiamu zisisitizwe kipekee, kwa kuwa zikishindiliwa huwaka, na dereva aliye peke yake atalazimika kumwaga mzigo unaoungua katikati ya mtaa wa watu.

Mahali penye theluji iongezwe kanuni ya kusafisha nafasi ya pipa badala ya kulisimamisha juu ya tuta la theluji, na mahali penye dubu yanunuliwe mapipa yenye kufuli linalofunguka lenyewe pipa linapopinduliwa.

Hatua ya sita: majaribio, ugawaji na lugha

Mzunguko mmoja ujaribiwe kwa miezi mitatu, nao usiwe ule mwepesi ambao diwani angependa kupigiwa picha. Uchaguliwe wenye mchanganyiko: mtaa mpana, mlima mmoja, barabara isiyo na upenyo, na nyumba kadhaa za wapangaji. Matatizo yatakayojitokeza hapo yatagharimu kidogo kuliko yakijitokeza kwa kaya 12,000 kwa pamoja.

Ugawaji ufuate mizunguko mipya, mtaa kwa mtaa, na namba ya kila pipa iingizwe kwenye anwani yake palepale mlangoni. Ndani ya kila pipa kuwe na kipeperushi chenye kalenda na michoro. Hapa lugha ina uzito kuliko ofisi nyingi zinavyodhani. Wakongomani ni miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani katika miaka iliyoishia 2024, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Manispaa yenye jamii hiyo itafsiri kipeperushi, na kisha iwape wenyewe wakisome kabla hakijachapwa. Kiswahili cha Bukavu si kile cha Tanga, na neno kama "urejelezaji" halitamsaidia mama aliyewasili mwezi uliopita kama kuandika "chupa, makopo, maboksi na magazeti" pembeni ya picha zake.

Vyombo vya zamani vizolewe katika wiki ya pili au ya tatu baada ya ugawaji, kwa tarehe iliyotangazwa. Visipozolewa, watu watavijaza na kuvipanga kando ya pipa jipya, wakitarajia utingo ambaye hayupo tena.

Hatua ya saba: miezi ya mwanzo

Wiki nne za kwanza simu zitakuwa nyingi, na wengi wa wapigaji watasema pipa lao limerukwa. Ofisi iwe na watu wa ziada wa kupokea simu, na gari moja dogo lizunguke mchana kuhudumia waliorukwa. Katika kipindi hiki pipa lililowekwa vibaya lizolewe na liachiwe kadi ya kuelekeza. Kuanzia mwezi wa pili liachwe na kadi. Anayeanza kwa ukali hupoteza wakazi, na asiyefika kwenye ukali kamwe huwageuza madereva wake kuwa utingo tena.

Tatizo litakalodumu ni uchafu katika mapipa ya urejelezaji. Kisanduku cha wazi cha mtindo wa zamani kilimwonyesha mzoaji kila kilichomo, naye aliacha kisichofaa. Pipa lenye mfuniko huficha, nafasi yake ni kubwa, na dereva huona taka zikiwa tayari zinaanguka. Kamera juu ya mdomo wa gari husaidia, lakini hutambua baada ya kosa kutendeka. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni cha kizamani: watu wawili wanaopita mbele ya gari, wanaofungua mifuniko, wanaobandika kadi yenye maelezo mahususi ya kilichokosewa, na wanaorudi kwenye nyumba hiyohiyo mzunguko unaofuata. Wiki nne au tano za ukaguzi wa namna hiyo katika mtaa mmoja zibajetiwe tangu mwanzo, kwa kuwa kituo cha kuchambua hutoza au hukataa mzigo uliochafuka, na tozo hizo hula akiba iliyotarajiwa kwenye mishahara.

Baada ya miezi sita, takwimu za magari zisomwe pamoja na madereva: muda wa kila mzunguko, uzito, safari za dampo, na anwani zinazorukwa mara kwa mara. Mipaka ya mizunguko ihamishwe pale ambapo gari moja humaliza saa saba mchana na jingine saa kumi na moja jioni. Daftari la mitaa la hatua ya kwanza lifunguliwe tena wakati huohuo, kwani baadhi ya mitaa iliyowekwa kundi la tatu itakuwa imepata katazo la maegesho na kustahili mkono, na mingine iliyodhaniwa kufaa itakuwa imevunja mapipa ya kutosha kurudishwa kwa gari la nyuma. Kuanzia bajeti ya mwaka unaofuata itengwe kila mwaka sehemu ya kumi ya thamani ya mapipa yote, maana dhamana ikiisha mwaka wa kumi, mapipa yaliyogawiwa pamoja yataanza kupasuka pamoja.